Kopo lenye mdomo mpana: shajara ya lebo iliyopinda

Siku ya 1

Mteja amebadilisha kopo. La zamani lilikuwa limenyooka kama kipande cha bomba, na lebo yake ilikuwa mstatili mtupu: ukipima mzingo na kimo, umemaliza. Jipya ni la plastiki, mdomo mpana, kitako kidogo, ili makopo matupu yaingiliane na kupangwa kwa safu. Krimu ya mikono iliyomo ni ileile na maneno ni yaleyale. Alichoniambia ni kifupi: "Si lebo ileile tu? Ibandike."

Nimeibandika, angalau nione. Nilianzia katikati ya kopo nikasambaza karatasi kushoto na kulia bila kuilazimisha. Ncha zote mbili zikaanza kupanda kuelekea mdomoni, na zilipokutana nyuma zilikuwa juu kwa takriban milimita 20 kuliko pale mbele. Ukilitazama kopo kwa mbele unaona mistari imejikunja juu pembeni, kama mtu anayetabasamu kwa shida. Nilipojaribu kuzishusha ncha kwa nguvu, ukingo wa chini ukajaa mikunjo. Karatasi haina kosa. Ukingo wake wa chini ni mrefu kupita mahali unapotakiwa kukaa, na urefu wa ziada lazima uende mahali fulani.

Siku ya 2

Leo nimefanya kosa ambalo nadhani kila mtu hulifanya mara moja. Programu ya kuchorea ina amri ya kupinda mchoro kuwa tao. Unavuta kitufe, lebo inapinda, unavuta zaidi, inapinda zaidi. Nilivuta hadi nikaona inapendeza, nikachapa, nikakata. Haikukaa. Nikaongeza kidogo, nikachapa tena. Ikakaa vizuri upande mmoja, upande wa pili ikafungua mdomo. Jioni nilikuwa na karatasi tisa kwenye kikapu cha taka.

Tatizo si ile amri. Tatizo ni kwamba nilikuwa nachagua upindaji kwa jicho, na upindaji wa lebo hii hauchaguliwi. Kopo limeshauamua.

Nilipokuwa nakusanya vitu, kopo moja likaanguka mezani, likabingirika sakafuni, likachora nusu duara pana na kunirudia karibu na mguu. Nilicheka peke yangu. Kitu chenye umbo la koni hakibingiriki kwa kunyooka. Kinazunguka ile ncha ambayo kingekuwa nayo kama ukuta wake ungeendelea hadi kuisha. Na njia kinayoipita sakafuni ndiyo umbo la lebo yake. Nilijaribu hata kulibingirisha juu ya karatasi na kufuata njia kwa penseli, lakini mdomo wa kopo una ukingo mnene uliojitokeza nje, nao unalegeza hesabu. Kwa kuona wazo linafaa, kwa kukatia lebo halifai.

Siku ya 3

Hesabu basi. Fikiria unaligawa kopo kwa mkasi, mkato mmoja kutoka mdomoni hadi kitakoni, kisha unaukunjua ukuta mezani. Unapata kipande cha pete: tao refu juu, tao fupi chini, na pembeni mistari miwili ambayo ukiirefusha inakutana kwenye kitovu kimoja. Matao yote mawili yana kitovu hichohicho. Nikijua nusukipenyo cha tao la juu, cha tao la chini, na pembe iliyo kati ya ile mistari miwili, nimemaliza.

Lebo itakaa kwenye sehemu ya ukuta yenye urefu wa milimita 70, ukipima kwa kufuata ukuta wenyewe jinsi ulivyoinama, si kwa kusimamisha rula mezani. Nilichukua kalipa, kifaa cha kupimia chenye taya mbili, nikapima kipenyo pale ukingo wa juu wa lebo utakapokuwa: 95.5. Pale chini: 84.5. Tofauti ni 11. Nusukipenyo cha juu kinapatikana kwa kuzidisha kipenyo cha juu na urefu wa ukuta, kisha kugawanya kwa ile tofauti: 95.5 × 70 ÷ 11, yaani milimita 607.7. Ukitoa 70 unapata cha chini, 537.7. Pembe ni 180 × 11 ÷ 70, karibu digrii 28.3.

Bikari yoyote niliyo nayo haifiki sentimita 60, nami nilitaka kuona kitu kwa mkono kabla ya kurudi kwenye skrini. Nikakata ukanda wa kadibodi, nikatoboa tundu mbili za penseli, nikapigilia msumari mwishoni. Matao mawili safi.

Nikakata, nikazungushia kopo. Karibu kabisa! Lakini "karibu" kwenye mshono ni neno baya. Nyuma, pale ncha zinapokutana, juu kulikuwa na mwanya wa milimita moja na nusu, na chini ncha zilikuwa zimepandiana kwa kiasi hichohicho. Mshono ulifunguka kama herufi V. Na ncha bado zilikuwa zimepanda kidogo kuliko mbele.

Siku ya 4

Nimelala na ile V kichwani. Asubuhi nikaona ilichokuwa inasema. Mwanya juu na kupandiana chini maana yake tao la juu ni fupi na la chini ni refu kuliko inavyotakiwa; yaani nimeliona kopo limenyooka kuliko lilivyo. Kama V ingekuwa imegeuka, iwe wazi chini na kupandiana juu, kosa lingekuwa la upande wa pili. Tangu sasa mshono ndio shahidi wangu wa kwanza, kabla sijaangalia kitu kingine.

Kwa nini nimekosea? Kwa sababu ya kalipa. Plastiki ya kopo ni laini, na taya za kalipa ziliubana ukuta pale juu ambako ni mbali na kitako. Chini, karibu na kitako, kopo ni gumu, na huko nadhani nilipima huku nimeiinamisha kalipa kidogo. Nusu milimita pungufu huku, nusu milimita ziada kule. Kwa kazi nyingine isingekuwa kitu. Hapa kila kitu kinagawanywa kwa tofauti ya vipenyo viwili, na tofauti hiyo ni ndogo sana. Iwe 11 badala ya 12, nusukipenyo kinaruka kwa karibu sentimita 5. Hilo ndilo jambo la kuogopa katika lebo za namna hii. Kopo likikaribia kunyooka, tofauti inazidi kuwa ndogo na kila kosa la kupima linakuzwa zaidi.

Dawa niliyoipata ni ya kizamani. Weka kalipa pembeni, kata utepe mwembamba wa karatasi, uzungushe kwenye kopo pale penye alama, uchome kwa sindano pale ncha zinapopandiana, ufungue, upime umbali kati ya matundu mawili kwa rula ya chuma. Utepe haubani plastiki. Tena unapima mzingo, ambao ni mkubwa kuliko kipenyo mara tatu na ushee, kwa hiyo na tofauti unayoitafuta inakuwa kubwa mara tatu na ushee. Matokeo yangu, wastani wa makopo yote sita: juu 301.5, chini 264. Tofauti 37.5.

Na hapa pana zawadi: ukitumia mizingo, hata ile pai huihitaji. Mzingo wa juu mara urefu wa ukuta, gawanya kwa tofauti ya mizingo. 301.5 × 70 ÷ 37.5 ni 562.8. Nusukipenyo cha chini ni 492.8. Pembe ni tofauti gawanya kwa urefu wa ukuta, 37.5 ÷ 70, kisha zidisha kwa 57.3 kuipata kwa digrii: 30.7. Nikikosea milimita moja nzima katika ile 37.5, nusukipenyo kinasogea kwa milimita 15 hivi, si 50.

Msumari tena, kadibodi tena. Imekaa. Mshono umefunga juu na chini, na mstari wa ukingo unazunguka kopo ukiwa umbali uleule kutoka mdomoni.

Siku ya 5

Kabla ya kufurahi sana, nimeweka rula ya chuma wima kwenye ukuta wa kopo na kuitazama dhidi ya dirisha. Nilikuwa natafuta mwanga. Mwanga ukipita katikati, ukuta umebonyea. Ukipita kwenye ncha za rula, kopo lina kitambi. Hili la kwetu limenyooka isipokuwa milimita tatu za mwisho karibu na kitako, ambapo ukuta unaanza kujipinda kuingia chini. Huko lebo haitafika. Nimeacha milimita nne.

Nalisema hili kwa sababu koni ni umbo la bahati. Carl Friedrich Gauss alionyesha mwaka 1827 kwamba kuna aina ya upindaji ambayo haibadiliki hata uukunje uso namna gani, mradi usiuvute wala kuukunjamanisha. Kwa karatasi bapa upindaji huo ni sifuri. Kwa bomba na koni ni sifuri pia, ndiyo maana karatasi inazikubali. Kwa tufe si sifuri. Kwa hiyo chombo chenye kitambi, au bega la chupa lililojiviringa pande zote mbili, hakina lebo ya karatasi iliyo sahihi, hata upige hesabu mwaka mzima. Hapo unafupisha lebo, au unatumia plastiki inayonyumbulika, au unakubali mikunjo. Mteja akija siku moja na chombo cha namna hiyo nitampa rula aitazame mwenyewe.

Siku ya 6

Kompyuta. Duara mbili zenye kitovu kimoja, kipenyo 1125.6 na 985.6, mistari miwili kutoka kitovuni yenye digrii 30.7 kati yake. Nimefuta kilichobaki. Kisha nimeongeza sehemu ya kupandiana: milimita 8 juu, ambayo kwa pembe ni digrii 0.8, na chini inakuwa 7 yenyewe. Ukingo wa kupandiana nao lazima uelekee kitovuni. Mara ya kwanza niliuchora sambamba na ule wa mwanzo, nikajikuta na ukanda wenye upana uleule juu na chini, na nyuma ya kopo ukaonekana umelala kama mlango uliolegea bawaba.

Juu ya sehemu hiyo hakuna wino wala vanishi. Gundi inashika karatasi vizuri kuliko inavyoshika vanishi inayong'aa.

Kuzunguka umbo zima, milimita 3 za rangi ya ziada nje ya mstari wa kukatia, kwa sababu kisu hakikati mahali palepale kila mara.

Siku ya 7

Kuchapa sampuli, kwanza bila sehemu ya kupandiana. Lebo ikazunguka kopo na kuacha mwanya wa milimita 15 nyuma. Moyo ukashuka. Nikarudia hesabu zote, zote sawa. Baada ya saa nzima ndipo nikapima lebo yenyewe kwenye karatasi. Printa ilikuwa imeipunguza hadi asilimia 95 ili itoshe ukurasa. Umbali wa moja kwa moja kati ya ncha za lebo ni milimita 298, bila kuhesabu ya kupandiana. Karatasi ya A4 ina 297. Milimita moja! Printa haikusema neno, ikaminya tu.

Sasa kila faili langu lina mstari mmoja wa milimita 100 pembeni, nje ya lebo. Kinachotoka kwenye printa kinapimwa hapo kwanza. Na sampuli nachapa kwenye A3.

Siku ya 8 na ya 9

Maneno. Siku hizi mbili zimenifundisha kuliko wiki nzima, kwa hiyo naandika kirefu.

Mstari wowote ambao kwenye kopo unatakiwa kuonekana umelala, kwenye faili lazima uwe tao lenye kitovu kilekile. Hiyo inahusu milia miwili ya kijani ya mteja, inahusu msingi wa maandishi, inahusu hata safu ya nukta. Na mstari unaotakiwa kuonekana umesimama lazima uelekee kitovuni. Kwa hiyo jina la krimu nimeliandika juu ya tao, herufi kwa herufi, bila kuzipanua juu na kuzibana chini. Ile amri ya kupinda ya Siku ya 2 ingezipanua. Kwa herufi za milimita 14 tofauti ya upana kati ya kichwa na mguu ingekuwa asilimia mbili na nusu hivi, ambayo wengi hawaioni, lakini mimi nikiangalia herufi O naiona, na nisipolala kwa sababu ya O hakuna atakayenilipia.

Maelezo madogo ya nyuma yalinitesa. Mistari tisa, na kila mmoja unahitaji duara lake. Nikajiuliza: je, lazima? Nikapiga hesabu ya kinachotokea ukiacha kipande kikiwa kimenyooka na kukizungusha tu kifuate pembe ya mahali pake. Unachukua nusu ya upana wa kipande, unaizidisha yenyewe kwa yenyewe, unagawanya kwa nusukipenyo kilichozidishwa kwa mbili. Kipande chenye upana wa milimita 60 kinapanda kwenye ncha kwa takriban 0.85. Karibu na ule mstari wa kijani hilo linaonekana wazi. Kipande cha milimita 25 kinapanda kwa 0.15, unene wa karatasi tu, hakuna jicho litakalolalamika. Basi nimeyagawa maelezo kuwa safu mbili nyembamba, kila moja imenyooka na imezungushwa kwa pembe yake. Yanasomeka vizuri zaidi kuliko mwanzo, na nimeokoa duara tisa.

Msimbopau nao uko hivyo: hauguswi kwa amri yoyote ya kupinda. Skana inasoma upana wa mistari na nafasi kati yake. Ukiinyoosha huku na kuibana kule umeiharibu namba. Wetu ni EAN-13, ule wa tarakimu 13, kwa ukubwa wa kawaida, milimita 37.29 pamoja na nafasi tupu za pembeni. Unabaki mstatili, umewekwa milimita 110 kushoto kwa katikati, umezungushwa digrii 12. Ncha zake zinapanda kwa theluthi moja ya milimita. Hainisumbui.

Kinachoweza kusumbua ni uduara wa kopo. Kanuni za GS1, shirika linalosimamia misimbopau, zinataka pembe kati ya katikati ya msimbo na ukingo wake, ukiuzungusha kwenye chombo, isizidi digrii 30. Mistari yenyewe ina upana wa milimita 31.35; kwenye kipenyo cha 90 hivi hiyo ni digrii 20 kila upande. Tuko salama. Kwa hesabu hiyohiyo, chombo chenye kipenyo chini ya milimita 60 kingenilazimisha kuulaza msimbo ubavu, mistari yake iwe kama vipandio vya ngazi. Kwenye vyombo vidogo mistari ya ngazi ndiyo njia ya kawaida, na haina aibu yoyote.

Jambo la mwisho kwenye mpangilio: mtu akilishika kopo mbele yake, sehemu anayoisoma bila kuligeuza ni kama theluthi moja ya mzingo. Hapa ni sentimita 10. Mteja alikuwa ametandaza jina kwenye sentimita 16. Nimelirudisha.

Siku ya 11

Nimempelekea fundi wa chapa faili. Ameligeuza, akaniuliza jambo moja: "Nyuzi za karatasi unazitaka ziende wapi, ndugu yangu?" Sikuwa nimefikiria. Karatasi hujikunja kwa urahisi ukiikunja kwa kufuata nyuzi zake, na hugoma ukiikunja kwa kuzivunja. Lebo inayozunguka kopo inakunjwa kwa mhimili uliosimama, kwa hiyo nyuzi nazo zisimame, kutoka mdomoni kwenda kitakoni. Zikilala, karatasi inataka kunyooka tena na ncha ya mshono inainuka baada ya siku chache. Nilikuwa nimeshaiona ncha ikiinuka kwenye sampuli mbili na kuilaumu gundi.

Tumekubaliana nyuzi wima. Tumezungumzia pia plastiki badala ya karatasi, lakini kopo hili halibonyezwi na mtumiaji, kwa hiyo karatasi inatosha.

Siku ya 14

Lebo hamsini za kwanza. Nimetengeneza kitanda cha kadibodi kinacholilaza kopo kwa mwinamo wake, ili upande wa juu wa ukuta uwe bapa mbele yangu. Bila kitanda hicho mkono unasahau kwamba kopo limeinama. Naanza na alama ya katikati, nasukuma kwa kitambaa kwenda kushoto, kisha kulia, na kufunga mshono mwisho. Kati ya hamsini, tatu zimepinda, na zote tatu ni zile za mwanzo, kabla kitanda hakijakamilika.

Mteja amelizungusha kopo mkononi, akapitisha kidole kwenye mshono. "Sasa imenyooka." Sikumwambia kwamba hakuna mstari hata mmoja ulionyooka kwenye faili lile.

Siku ya 15

Ameleta kopo dogo la umbo lilelile. Anataka lebo ileile. "Ipunguze tu." Nimepima kwa utepe: mzingo wa juu 242, wa chini 220, ukuta 50. Nusukipenyo 550. Ningepunguza lebo ya kwanza ilingane na mzingo wa hili, nusukipenyo kingeshuka hadi 452, na mshono ungenifungulia V ile ya pili, ya chini. Kopo ni dogo, lakini ukuta wake umesimama wima zaidi kuliko wa kaka yake. Nimefungua faili jipya.